Diski imeandikwa gigabiti 5, mbona inakopi MB 38? Na hizo paketi zinapitaje kwenye waya?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Nkuhungu hapa Dodoma, anapiga video za sherehe. Nalifupisha: "Shikamoo fundi. Nimenunua diski ya nje ya SSD, kwenye boksi wameandika 5 Gbps. Nilivyokopi video za sendoff, GB 60, ikawa inasoma MB 38 kwa sekunde, nikakaa karibu nusu saa. Nimepigwa? Halafu nasikia data inakatwakatwa vipaketi, sasa kipande kimoja kikipotea njiani si video yangu inaharibika? Na mbona kamera yangu ya USB nikirusha laivu picha inakwaruza, ila faili nikikopi halikwaruzi hata siku moja?"

Marahaba mdogo wangu, mbukwa (ndo salamu ya Kigogo). Diski hujapigwa. Kama umepigwa basi ni kwenye waya, na nitakwambia kwa nini nina uhakika hivo bila hata kuiona, maana hiyo 38 kwa fundi ni kama harufu ya mafuta ya taa, huulizi mara mbili ni nini.

Kwanza tuweke sawa hesabu. Ile b ndogo kwenye Gbps ni biti, MB ya kwenye skrini ni baiti, na baiti moja ni biti 8. Ila kwenye USB ya gigabiti 5 usigawe kwa 8, gawa kwa 10, kwa sababu kila biti 8 zinavalishwa zinakuwa 10 kabla ya kuingia kwenye waya (nitarudi hapo). Kwa hiyo kilele ni MB 500 kwa sekunde, na ukitoa gharama za njiani diski nzuri inakupa 400 na kitu. Kwa mwendo huo GB 60 zako zinaisha dakika mbili na nusu. Sasa USB 2.0, ile ya mwaka 2000, inaenda megabiti 480 kwa sekunde, ukifanya hesabu kwenye karatasi unapata MB 60, na uhalisia wake kwenye kukopi ni kati ya 30 na 40. Umeona? Diski yako mpya inapita njia ya zamani, na hakuna mtu aliyekuambia, hata kompyuta yenyewe imenyamaza.

Ili uelewe kwa nini ilinyamaza itabidi tuingie ndani ya waya, na wewe mwenyewe umeuliza, kwa hiyo usinilaumu kwa urefu.

Ndani ya waya wa USB 2.0 kuna nyaya nne tu. Mbili za umeme, yaani volti 5 na ardhi, na mbili za data, wanaziita D+ na D-, zimesokotwa pamoja kama kamba. Hizo mbili zinabeba kitu kimoja kwa namna iliyopinduliwa, hii ikipanda ile inashuka, na anayepokea anaangalia tofauti kati yao. Kelele ya umeme kutoka nje ikija, mfano una jenereta pembeni, inazigonga zote mbili kwa pamoja na tofauti inabaki ileile. Ujanja wa zamani ila ni mzuri kweli. Watu wanadhani nyaya nyingi ndo spidi kubwa, kama zile kebo pana za printa za kizamani zenye pini 25 zilizokuwa zinapitisha biti 8 kwa mpigo. Shida yake ukiongeza spidi biti zile haziwasili pamoja, moja inatangulia nyingine inachelewa, mwisho unapokea uji. Ndo maana dunia ikahamia kupanga biti foleni moja, moja nyuma ya nyingine, lakini kwa kasi ya ajabu.

Ajabu kiasi gani? Kwenye gigabiti 5 biti moja inachukua nanosekunde 0.2, na nanosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara bilioni. Umeme kwenye kebo unatembea kama sentimita 20 kwa nanosekunde. Maana yake biti moja ikiwa ndani ya waya ina urefu wa kama sentimita 4, na waya wako wa mita moja una biti kama 25 zinatembea zimefuatana kwa wakati mmoja, ya kwanza inaingia kwenye diski wakati ya 25 ndo kwanza inatoka kwenye laptopu. Hili mimi huwa nalifikiria nikiwa nimelala.

Na hakuna waya wa saa. Anayepokea hajui biti inaanzia wapi na kuishia wapi, anakisia kwa kuangalia mabadiliko. USB 2.0 wameweka hivi: sifuri ni kubadilika, moja ni kutulia. Sasa faili lako likiwa na moja nyingi mfululizo waya unatulia tu na mpokeaji anapoteza hesabu, kama mtu anayehesabu hatua gizani, kwa hiyo kila zikifika moja sita mtumaji anachomeka sifuri ya bandia na mpokeaji anaitoa. Kwenye gigabiti 5 hawakuona hiyo inatosha, ndo wakaweka huo mtindo wa 8 kuwa 10 niliosema, unahakikisha mabadiliko yapo muda wote. Unalipa asilimia 20 ya spidi yako kwa ajili ya hilo tu.

Haya, paketi.

Sisi tunaokaa Dodoma tuna bahati, mfano wa USB 2.0 upo hapa mjini, ni Bunge. Kompyuta ndo Spika. Diski, mausi, kamera, kibodi, wote ni wabunge wamekaa kwenye viti vyao, na hakuna anayefungua mdomo mpaka aitwe. Hakuna! Hata mausi ukiisogeza haipigi kelele kwamba nimesogezwa, inasubiri Spika apite aulize "mausi una jambo?", na Spika anapita kila baada ya muda mfupi sana ndo maana wewe unaona kama inajibu papo hapo. Kila mmoja ana namba ya kiti, biti 7, kwa hiyo namba ni kuanzia 0 mpaka 127, ila sifuri imewekwa kwa mgeni aliyechomekwa sasa hivi ambaye hajaapishwa, ndo maana vifaa mwisho ni 127. Na Spika akiongea wote wanasikia. Paketi ya kwenda kwenye diski yako inafika hata kwenye kamera ya USB 2.0 kama vipo kwenye habu moja (kile kigawanyio cha poti), kamera inaangalia namba, si yangu, inaipotezea.

Sasa fuatilia video yako inavyotoka. Laptopu inaanza na kipaketi kidogo cha kuita, kina aina ya paketi, namba ya kiti, namba ya mlango ndani ya kifaa (kifaa kimoja kinaweza kuwa na milango kadhaa, wa kupokea na wa kutoa), na vibiti vitano vya ukaguzi. Tafsiri yake: "namba 5, mlango wa 2, pokea." Kinafuata kipaketi chenye mzigo wenyewe, kwa diski kwenye USB 2.0 ni baiti 512, na mwishoni biti 16 za ukaguzi. Kisha laptopu inakaa kimya na diski inajibu kwa kipaketi kifupi kuliko vyote, kinaitwa ACK, yaani nimepata. Kuita, mzigo, jibu. Kisha upya. Kwa GB 60 hiyo duru imezunguka zaidi ya mara milioni 117, na ndo maana hupati zile MB 60 za karatasini, sehemu ya muda inaliwa na kuitana na kuitikiana na kugeuza mwelekeo, maana nyaya mbili zilezile ndo za kwenda na ndo za kurudi, mmoja akiongea mwingine ananyamaza. Muda wenyewe umekatwa vipande vya mikrosekunde 125, yaani vipande 8,000 kwa sekunde, na kila kipande kinaingiza paketi 13 za namna hiyo na si zaidi. Zidisha mwenyewe, 13 mara 512 mara 8,000, inakuja MB 53 na kidogo, bado diski haijaanza kupokea amri zake za "andika hapa, soma pale" nazo zinakula muda.

Diski ikiwa imejaa kwenye bafa yake (memori ndogo ya kupokelea mzigo kwa muda) haisemi ACK, inasema NAK, maana yake sijakataa ila subiri. Kuna na STALL, hiyo ni kitu kimekwama, mpaka Spika aingilie. Na baada ya NAK laptopu haimwagi tena baiti 512 za bure, inatuma kwanza kipaketi cha kuuliza "una nafasi sasa?". Kwa hiyo wamefikiria, ila bado ni kuulizauliza tu.

Sasa swali lako la kipande kupotea, hili ndo tamu. Zile biti 16 za ukaguzi zinaitwa CRC. Mtumaji anachukua baiti zote 512 kama namba moja ndefu mno, anaigawa kwa namba iliyokubaliwa, masalio anayabandika nyuma. Mpokeaji anagawa naye, masalio yasipolingana anajua mzigo umeguswa njiani. Anafanyaje? Anakaa kimya. Hasemi "umeharibika", anakaa kimya tu, na laptopu ikiona muda umepita bila jibu inatuma tena, kwa kawaida mpaka mara tatu kabla ya kukata tamaa na kukuletea ule ujumbe wa kosa.

Ila fikiria hii. Mzigo umefika salama, diski imeandika, imesema ACK, halafu ACK yenyewe ndo ikaharibika njiani. Laptopu haijasikia kitu, itatuma tena. Sasa baiti 512 zilezile zinaingia mara mbili na video yako inapinda! Ni kama umetuma elfu hamsini kwa simu, meseji haijarudi, ukaituma tena, kumbe zote zimeenda, ukaanza kubembelezana na mtu akurudishie. Hawa jamaa waliizuia kwa biti moja tu ya akili, huwa nawavulia kofia. Paketi za mzigo zina majina mawili, DATA0 na DATA1, zinapokezana. Ya kwanza 0, inayofuata 1, kisha 0. Diski ikipokea 0 inategemea 1. Ikiona imekuja 0 tena inajua huyu hakusikia jibu langu, inautupa mzigo huo wa pili kimyakimya na kusema ACK kwa mara nyingine. Basi. Ndo maana faili lako halikwaruzi: ama linafika lilivyo ama unaambiwa limeshindikana.

Kamera ya laivu ni mkataba mwingine kabisa. Yenyewe imetengewa muda kwenye kila kipande cha mikrosekunde 125, uhakika wa nafasi inao, lakini haina ACK wala kurudiwa. Paketi ikiharibika imeenda hivo. Na ni sahihi, maana picha ya bwana harusi anaingia ukumbini ikija kuchelewa ukaionyesha ameshakaa itakusaidia nini? Bora ikwaruze kidogo muda uendelee. USB 2.0 inaruhusu vifaa vya muda maalumu kushika mpaka asilimia 80 ya kila kipande, na kazi za kukopi zinapata kinachobaki. Kwa hiyo kamera ikikwaruza mara nyingi ni waya mrefu kuliko mita 5, au wa kuungaunga, au umebananisha kamera mbili na maikrofoni kwenye habu moja. Kamera ipe poti yake kwenye laptopu, usiipitishe kwenye habu ya bei chee.

Turudi kwenye diski. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008 (sasa hivi wanaiita mara USB 3.1 Gen 1, mara USB 3.2 Gen 1, ni ileile ya gigabiti 5, watu wa viwango wana tabia ya kubadilisha majina kama watoto wa mjini). Hawakuboresha zile nyaya mbili. Waliziacha kama zilivyo wakaongeza jozi mbili mpya pembeni, moja ya kwenda tu na moja ya kurudi tu, pamoja na ardhi yake. Kutoka nyaya nne zikawa tisa. Shika hilo, ndo jibu lako lilipo: ndani ya waya mmoja kuna njia mbili zisizohusiana, ya zamani na mpya.

Njia mpya Bunge limebadilika. Laptopu inatuma huku diski inajibu kwa wakati huohuo, hakuna kupokezana. Paketi haisikiki tena ukumbi mzima, ina anwani ya njia ndani yake, kila habu inasoma "toka poti ya 3" na kuielekeza huko tu, wengine wanaweza hata kulala. Mzigo ni baiti 1,024, na laptopu inaweza kurusha mpaka 16 mfululizo kabla ya kusubiri jibu, kila moja ikiwa na namba yake ya mfuatano. Ukaguzi wa mzigo umepanda kutoka biti 16 kuwa 32. Halafu hakuna kuulizauliza: diski ikijaa inasema sijawa tayari, laptopu inaachana nayo inafanya mambo mengine, na diski ikipata nafasi yenyewe inanyoosha mkono, "niko tayari". Mbunge kuomba kuongea bila kuitwa, hilo USB 2.0 haikuwa nalo kabisa.

Na chini ya hapo, kati ya kila chipu na chipu, kuna makubaliano mengine ya nafasi. Kila upande una vyumba vinne vya kupokelea vichwa vya paketi, yaani ile sehemu ya mbele yenye anwani. Anayetuma ana tiketi nne, akituma anatoa tiketi, mwenzake akimaliza kuhudumia anamrudishia. Tiketi zikiisha unasubiri. Kwa hiyo haitokei kichwa cha paketi kumwagika kwa sababu hakuna pa kukiweka.

Sasa ukichomeka diski, upande wa laptopu unatuma mguso mdogo kwenye ile jozi mpya kupapasa kama kuna mtu upande wa pili. Akiwepo wanapeana alama za mazoezi mpaka wakae sawa, kisha wanaanza kazi. Asipopatikana hakuna kosa linalotangazwa, diski inajitokeza kwenye njia ya zamani ya nyaya mbili na kila kitu kinafanya kazi, polepole. Ndo ukimya wenyewe huo. Walifanya hivo makusudi ili kifaa kipya kikubali kwenye kompyuta ya zamani, ila kwetu huku matokeo yake mtu anaishi na diski ya kinyonga mwaka mzima akidhani ndo ilivyo.

Kwa nini jozi mpya isionekane? Waya kwanza. Nakuhisi umetumia waya wa chaja ya simu wa Type-C kwa sababu unaingia. Nyingi za hizo ndani zina nyaya za USB 2.0 tu, umbo la Type-C halikuambii chochote kuhusu spidi. Mimi mwenyewe niliwahi kurudisha diski dukani pale Majengo, nikaongea kwa sauti mpaka wateja wakageuka, yule kijana akachukua waya uliokuwa kwenye boksi ambao mimi sikuufungua hata, akachomeka, ikasoma 410. Nilinunua na flashi juu yake kwa aibu.

La pili ni vumbi, na Dodoma tunalijua. Kiangazi upepo ukianza laptopu ya studio inakula vumbi jekundu, na vumbi kidogo tu linaweza kuzizima pini za njia mpya kwenye ile poti ya bluu ya USB 3.0 wakati zile za zamani bado zinagusa vizuri. Zima laptopu, chukua mswaki laini mkavu, piga taratibu, usipulize kwa mdomo maana mate. Hata namna ya kuchomeka inahusika, ukiingiza taratibu kwa kusitasita pini za zamani zinagusa kwanza na kifaa kinajiandikisha kwenye njia ya zamani kabla mpya haijafika, kwa hiyo chomeka kwa mkono mmoja wa uhakika. Na angalia hujapitia poti nyeusi, mara nyingi zile ni 2.0.

Ukitaka kuhakiki bila kukisia, kama una mtu mwenye kompyuta ya Linux (mfumo unaotumika badala ya Windows) mwambie aandike lsusb -t, mbele ya diski yako itasoma 480M au 5000M, hapo hakuna ubishi. Usiponaye, kopi faili moja kubwa, sio folda ya picha elfu tano, maana vifaili vidogo vinachelewesha kwa sababu zake zenyewe na utalaumu waya bure. Ikipita 100 tu ujue umehamia njia mpya, maana USB 2.0 haiwezi kufika huko hata iombewe.

Jambo moja la mwisho kwa sababu wewe unabeba harusi za watu. ACK ni ya chipu ya kwenye diski kusema nimepokea, haimaanishi kila kitu kimeshaandikwa kwenye memori, na laptopu nayo wakati mwingine inakuonyesha imemaliza huku mzigo bado uko kwenye bafa zake. Kwa hiyo mstari ukijaa usichomoe, bonyeza kwanza ile ya kutoa kifaa usubiri ikuruhusu. Na kadi ya kamera usiifute mpaka umeifungua video kwenye diski ukairuka katikati na mwisho ukaona inacheza.

Waya ukibadilisha na bado ni 38, njoo na laptopu yenyewe, sio diski peke yake.